Ankara Si Hukumu: Kumjibu Fundi Aliyekushtaki

Tangu Aprili 2021, Mahakama ya Madai Madogo ilipofungua milango yake Milimani, Nairobi, fundi wa Kenya aliyenyimwa malipo hana haja ya kupiga kelele getini kwa mteja. Sheria iliyoiunda mahakama hiyo mwaka 2016 iliipa madai yasiyozidi shilingi 200,000. Mwaka 2020 kikomo kikapandishwa hadi milioni moja, na kesi ikatakiwa isikizwe na kuamuliwa ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Hilo ni jema. Mafundi wengi wamedhulumiwa jasho lao na watu wenye magari na nyumba za ghorofa.

Lakini mlango uliofunguliwa kwa fundi aliyedhulumiwa unampitisha pia fundi aliyeivimbisha ankara yake. Mwenye nyumba anayepokea hati ya madai basi huzungukwa na kelele za pande mbili. Fundi anamwambia hana la kusema. Marafiki wanamwambia hana la kulipa. Pande zote mbili zinampoteza, kwa sababu kesi ya ankara huamuliwa mstari kwa mstari, na anayeitetea vizuri ni yule anayejua ni mstari upi anaukubali na upi anaupinga.

Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu zionekane. Mama mmoja wa Nairobi alimwita fundi amtengenezee bafu upya: kung'oa vigae vya zamani, kupaka dawa ya kuzuia maji, kuweka vigae vipya na kubadilisha mabomba. Fundi alikadiria shilingi 180,000, vifaa na leba. Mama akalipa 100,000 kwa M-Pesa. Kazi ikiendelea, akaandika: "Fundi, niwekee na shawa ya maji moto." Akajibiwa: "Sawa mama, hiyo ni elfu kumi na tano." Mwishoni ikaja ankara ya 265,000: kadirio 180,000, shawa 15,000, kupanda kwa bei ya vifaa 30,000, kazi ya ziada 25,000, usafiri na usumbufu 15,000. Wiki chache baadaye maji yakaanza kuvuja hadi chumba cha chini. Fundi aliambiwa, akaahidi kuja, hakuja. Mama akamwita mwingine, akalipa 28,000 kuziba uvujaji. Sasa fundi wa kwanza amekwenda mahakamani kudai 165,000.

Haya ndiyo madai ambayo mama huyu atayasikia, na majibu yake.

"Ankara imeshatolewa, kwa hiyo deni lipo."

Ankara ni maneno ya upande mmoja. Muhuri hauibadilishi, wala kuandikwa kwa kompyuta. Sheria ya Ushahidi ya Kenya inasema anayetaka mahakama iamini jambo fulani ndiye mwenye mzigo wa kulithibitisha. Fundi akidai 25,000 za kazi ya ziada, ni juu yake kueleza ilikuwa kazi gani, nani aliiagiza, na bei ilifikiwaje.

Kosa la wadaiwa wengi ni kujibu ankara nzima kwa sentensi moja ya hasira: "Huyu ni mwizi, sina deni lake." Mwamuzi, ambaye kisheria lazima awe wakili wa Mahakama Kuu mwenye uzoefu usiopungua miaka mitatu, hana la kufanya na sentensi hiyo. Jibu lenye nguvu huipasua ankara. Kadirio la 180,000: nakubali. Shawa 15,000: nakubali, niliiagiza mwenyewe. Vifaa 30,000: napinga, naomba risiti. Kazi ya ziada 25,000: napinga, haielezwi ni ipi. Usafiri na usumbufu 15,000: napinga, haukuwahi kutajwa. Mistari mitano, majibu matano. Anayesoma jibu hilo anajua mara moja kwamba ugomvi hauhusu ankara nzima. Unahusu mistari mitatu yenye jumla ya 70,000, pamoja na ubovu wa kazi.

"Hamkuandikiana mkataba, kwa hiyo hakuna kesi."

Dai hili hutoka kwa marafiki, na limewaponza wengi. Mkataba wa kuuziana ardhi, kwa mfano, unahitaji maandishi. Wa kutengeneza bafu unaweza kufungwa kwa mdomo, kwa simu au kwa kupeana mikono mlangoni. Fundi alitaja bei, mama akakubali, fedha zikatumwa, kazi ikaanza. Huo ni mkataba tosha. Tena fundi hana haraka: madai ya mkataba yanaweza kufunguliwa hadi miaka sita tangu haki ya kudai ilipozaliwa.

Ukosefu wa maandishi haumfungi fundi peke yake wala haumwokoi mteja peke yake. Unachofanya ni kuwaacha wote wawili na kazi ya kuonyesha walikubaliana nini. Hapo ndipo methali ya wazee, mali bila daftari hupotea bila habari, inapowauma wote.

"Bei ya vifaa ilipanda, ningefanyaje?"

Swali la haki, na jibu lake liko kwenye sheria. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inasema makubaliano yakiwa na kadirio, mtoa huduma haruhusiwi kumtoza mteja zaidi ya asilimia kumi juu ya kadirio hilo. Akizidisha, mteja anaweza kudai huduma hiyo kwa bei iliyokadiriwa. Kadirio likibadilishwa kwa makubaliano kwa sababu mteja ameomba kitu kingine au cha ziada, sheria haizuii.

Iweke sheria hiyo juu ya mfano wetu. Asilimia kumi ya 180,000 ni 18,000. Kwa kazi ya awali, basi, fundi hawezi kuvuka 198,000 hata simiti na vigae vingepanda bei namna gani. Shawa iko nje ya hesabu hiyo kwa kuwa iliombwa na kukubaliwa yenyewe. Mistari yote mitatu inayobishaniwa inagombea nafasi ya 18,000 tu, na hata hizo si zawadi. Fundi alete risiti za hadiwea zinazoonyesha tarehe na bei aliyonunulia.

Angalia pia kama mlichokubaliana kilikuwa kadirio kweli. Fundi akisema "itakuwa kama laki na themanini," amekadiria. Akisema "nipe laki na themanini, nakumalizia kila kitu," ametaja bei kamili, na hatari ya vifaa kupanda ameibeba mwenyewe. Maneno yaliyotumika siku hiyo, hasa yakiwa kwenye simu, yana uzito wa fedha taslimu.

"Kazi ya ziada uliiona ikifanyika, ukanyamaza."

Dai hili lina sehemu ya ukweli, na mdaiwa mwerevu hulikata mara mbili badala ya kulikana lote. Ikiwa mteja aliambiwa kuna kazi zaidi, akajua italipiwa, na akaacha ifanyike, mahakama inaweza kumtaka alipe thamani yake ya haki hata kama bei haikutajwa. Kunyamaza kwa aina hiyo kunagharimu.

Lakini si kila kinachofanyika nje ya mpango ni kazi ya ziada. Fundi aliyepanga vigae vikapinda, akavibandua na kuvipanga tena, anasahihisha kosa lake. Fundi aliyekata bomba kwa bahati mbaya akalifunga upya, vivyo hivyo. Na kazi ambayo hakuna awezaye kukamilisha bafu bila kuifanya, kama kusawazisha sakafu kabla ya vigae, ilikuwa ndani ya bei tangu mwanzo, isipokuwa ilitengwa waziwazi. Uliza maswali matatu kwa kila kitu kinachoitwa ziada: nani aliagiza, lini, na je, bafu lingekamilika bila hicho? Mstari unaosema "kazi ya ziada 25,000" bila maelezo hauwezi kujibu hata swali la kwanza.

Usafiri na usumbufu ni rahisi zaidi. Fundi alipokadiria alijua anakoishi na kazi iko wapi. Nauli aliyoisahau siku ya kukadiria haiwi deni la mteja siku ya kulipa.

"Kazi mbovu hailipiwi hata senti."

Hapa marafiki wa mwenye nyumba wanampeleka shimoni. Sheria ya Mikataba ya Kenya inaichukua sheria ya mikataba iliyokuzwa na mahakama za Uingereza, na mahakama hizo zilishalitatua swali hili kwa kesi mbili zinazofaa kusomwa pamoja.

Ya kwanza ni Hoenig dhidi ya Isaacs, ya mwaka 1952. Fundi alipamba na kuweka samani katika fleti ya chumba kimoja kwa pauni 750. Mwenye fleti alilipa 400, akakataa 350 zilizobaki kwa sababu kabati la vitabu na mlango wa kabati la nguo vilikuwa na kasoro. Kasoro zote zilihitaji pauni 55 na ushei kurekebishwa. Mahakama ya Rufaa ilisema kazi imekamilika kwa sehemu kubwa; mteja alipe salio, akikata gharama ya kurekebisha.

Ya pili ni Bolton dhidi ya Mahadeva, ya mwaka 1972. Mkandarasi aliweka mfumo wa kupasha nyumba joto kwa pauni 560. Nyumba haikupata joto la kutosha, na mfumo ulitoa moshi uliochafua hewa vyumbani. Marekebisho yangegharimu pauni 174. Safari hii mahakama ilisema mfumo haufanyi kazi uliyowekewa, kwa hiyo mkandarasi hakustahili bei yake.

Bafu la mama yetu liko upande gani? Linaoga watu, vigae vimeshika, shawa inatoa maji moto. Linavuja, na uvujaji huo uliponywa kwa 28,000 kati ya kazi ya 195,000. Hiyo ni Hoenig. Atakayesimama na kudai hatalipa senti atakuwa anaomba hukumu ya Bolton kwa kesi isiyofanana nayo, na atapoteza imani ya mwamuzi hata kwa mistari ambayo angeishinda. Njia iliyo imara ni kukata: deni la haki, toa gharama ya kurekebisha. Sheria ya Kulinda Watumiaji inamwegemeza, kwani inamhesabu mtoa huduma kuwa amedhamini ubora unaokubalika wa huduma yake, hata kama hakuna aliyetamka neno dhamana.

Makato hayo yana jina mahakamani: madai kinzani. Sheria ya Madai Madogo inayataja miongoni mwa kesi ambazo mahakama hii inaweza kuzisikiliza. Yaandikwe ndani ya jibu, yakiwa na kiasi chake na risiti yake. Malalamiko ya mdomo kwamba "maji yalivuja sana" hayakati chochote.

"Umeoga humo miezi mitatu, kwa hiyo umeikubali kazi."

Katika kesi ya Hoenig mteja aliingia fletini na kuzitumia samani zilezile alizolalamikia. Matumizi hayo yalimnyima nafasi ya kusema hadaiwi chochote, lakini hayakumnyima haki ya kukata gharama ya kasoro. Mtu mwenye bafu moja ataoga wapi? Kuoga kunathibitisha kwamba bafu lina thamani fulani, jambo ambalo mama wetu hakatai. Hakuthibitishi kwamba dawa ya kuzuia maji ilipakwa inavyotakiwa.

Kinachodhuru ni muda mrefu wa ukimya. Ujumbe wa kulalamika uliotumwa wiki maji yalipoonekana una nguvu kuliko malalamiko yaliyozaliwa siku ya kupokea hati ya madai. Mwamuzi huona tarehe kabla ya kuona maneno.

"Hukunipa nafasi ya kurekebisha."

Katika madai yote ya fundi, hili ndilo la kuogopwa, na linastahili kujibiwa kwa vithibitisho. Anayepata hasara ana wajibu wa kuizuia isikue. Mteja anayemficha fundi kasoro, akakimbilia mtu wa bei ya juu kisha akadai yote, anaweza kukuta makato yake yamepunguzwa hadi kile ambacho fundi wa kwanza angetumia kurudi na kuziba mwenyewe.

Mama wa mfano wetu amesimama vizuri kwa sababu alimwambia, akaahidiwa, akasubiri. Aonyeshe siku aliyoandika, jibu la fundi, siku aliyokumbusha, na siku maji yalipozidi. Aonyeshe pia kwamba 28,000 zilikuwa za kuziba uvujaji tu. Akiingiza humo kioo kipya na rangi ya dari aliyoitamani siku nyingi, atakuwa amefanya kosa lilelile analomlaumu fundi: kuvimbisha ankara.

"Mambo ya WhatsApp si ushahidi."

Mahakama ya Madai Madogo haifungwi kikamilifu na kanuni za ushahidi. Sheria yake inairuhusu kupokea maelezo ya mdomo, maandishi, rekodi au kitu kingine inachoona kinaaminika, hata kama mahakama nyingine isingekipokea. Ujumbe wa "sawa mama, hiyo ni elfu kumi na tano" ndio makubaliano ya shawa. Taarifa ya M-Pesa ndiyo risiti ya ile 100,000.

Lakini kupokelewa si sawa na kuaminiwa. Picha ya ujumbe mmoja ulionyofolewa katikati ya mazungumzo huzua shaka. Chapisha mazungumzo yote kuanzia bei ya kwanza hadi ugomvi, namba ya simu na tarehe zikionekana. Omba taarifa kamili ya M-Pesa badala ya kuandika namba za miamala kwa mkono. Piga picha za uvujaji kabla ya fundi wa pili kuugusa, wakati wa kubomoa, na baada ya kuziba. Huyo fundi wa pili ni shahidi wako bora: aandike alichokikuta chini ya vigae, na awe tayari kuja kukisema. Ukija na neno lako tu dhidi ya neno la fundi, umemwachia mwamuzi kuchagua sura.

"Nyamaza, kesi ndogo itajifia."

Haijifii. Hati ya madai inakuja na siku za kujibu, na siku hizo huhesabiwa tangu ulipoipokea. Zikipita bila jibu, fundi anaweza kuomba hukumu ya upande mmoja kwa 165,000 zote, pamoja na zile 70,000 ambazo pengine asingeweza kuzithibitisha. Baada ya hukumu huja utekelezaji, na dalali wa mahakama haji kujadili vigae. Anakuja kuandika orodha ya mali. Hukumu ya namna hiyo inaweza kuombewa itenguliwe, lakini hapo unaomba hisani, na lazima ueleze ulikuwa wapi.

Kuna pia wanaotegea zile siku 60, wakiamini zikipita kesi imekufa. Majaji wa Mahakama Kuu wametofautiana juu ya hilo: wako waliosema hukumu iliyotoka nje ya muda haina nguvu, na wako waliosema kuchelewa hakuifuti. Utetezi usiotegemea chochote ila kalenda ni utetezi wa mtu asiye na jibu la ankara.

"Bila wakili umekwisha. Na ukishindwa, utakata rufaa."

Ushauri huu umegeuza mambo juu chini. Mahakama hii ilitengenezwa kwa mtu anayejisemea. Sheria inamtaka mhusika afike mwenyewe, na akishindwa, atume mwakilishi aliyemwidhinisha, anayeijua kesi vya kutosha na mwenye mamlaka ya kumfunga. Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi kwa mujibu wa Katiba. Asiyejiamini kwa Kiingereza hana sababu ya kutetemeka. Pande zote zikikubali, kesi inaweza hata kuamuliwa kwa nyaraka bila kusikizwa kwa mdomo.

Rufaa, kinyume chake, ni njia nyembamba. Inakwenda Mahakama Kuu kwa hoja za sheria tu, na uamuzi wa huko ni wa mwisho. Kama mwamuzi aliamini kwamba kazi ya ziada iliagizwa, huwezi kwenda juu na picha ulizozisahau nyumbani. Ushahidi wako wote ulete mara ya kwanza, kwa kuwa hakuna ahadi ya mara ya pili.

"Ukikubali sehemu ya deni, umejimaliza."

Hili ndilo linalowatisha wadaiwa kuliko yote. Kinyume chake ndicho kweli. Weka hesabu ya mama yetu mezani. Kazi iliyokubaliwa, 180,000, ongeza shawa 15,000: jumla 195,000. Toa 100,000 zilizolipwa: 95,000. Toa 28,000 za kuziba uvujaji: 67,000. Fundi akileta risiti za vifaa zinazotosha, ongeza zisizozidi 18,000: 85,000. Kati ya 67,000 na 85,000 ndipo ukweli wa kesi hii ulipo, si 165,000 za fundi wala sufuri ya marafiki.

Kwa kuandika takwimu hizo kwenye jibu lake, mama amekubali deni ambalo angeamriwa kulilipa vyovyote vile, na amelibakiza bishano mahali ambapo fundi ndiye anayetakiwa kuthibitisha. Mahakama hii inaweza pia, wahusika wakiridhia, kuwapeleka kwenye usuluhishi, na huko hakuna silaha kubwa kuliko pendekezo lenye hesabu. Bora zaidi, asisubiri kuitwa. Amwandikie fundi leo: "Fundi, kwa hesabu hii nakudai 28,000 nawe unanidai 95,000. Niko tayari kutuma 67,000 wiki hii tumalize. Kama una risiti za vifaa, zilete tuzihesabu hadi kiwango cha sheria." Akikubali, kesi imekwisha na fundi amelipwa jasho lake halali. Akikataa, ujumbe huo autie kwenye nyaraka zake, kwa sababu ndani yake mwamuzi atakuta hesabu ya kesi nzima imeshafanywa.